Vifaa vya Kwanza vya Lakrosi kwa Binti Yako

Mwongozo kwa wazazi, walezi na walimu wa michezo wa Kenyatta Market na mitaa jirani

Mchezo wenyewe

Lakrosi huchezwa kwa fimbo yenye wavu kichwani. Mchezaji hudaka mpira mdogo wa raba kwa wavu huo, hukimbia nao, humpasia mwenzake au kuuvurumisha golini. Wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini ndio waliouanzisha. Mara ya mwisho kushindaniwa medali za Olimpiki ilikuwa 1908, nao utarejea Los Angeles mwaka 2028 kwa timu za wachezaji sita sita.

Sheria za wasichana si sawa na za wavulana. Wavulana huruhusiwa kugongana miili, ndiyo maana huvaa helmeti, pedi za mabega na glavu nene. Wasichana hawaruhusiwi, kwa hiyo vifaa vyao ni vichache. Mzazi akiuziwa seti ya wavulana, amelipia mzigo ambao binti yake hatauvaa.

Kipi chake, kipi cha timu

Kinachomkinga mwilini kiwe chake peke yake. Kinachochezewa kinaweza kuwa cha timu, hasa miezi ya kwanza, kabla hujajua kama mtoto ameupenda mchezo.

Vya kwake mwenyewe

*1. Kinga ya meno.* Mpira wa lakrosi una gramu 142 hadi 149, uzito wa karibu mara mbili na nusu ya mpira wa tenisi, ingawa kwa ukubwa wa tenisi unauzidi kidogo. Wa lakrosi si mtupu ndani, umejaa raba. Ukimpata mtoto mdomoni, hauna huruma. Kinga inayolainishwa kwa maji moto kisha kung'atwa, ile ya wachezaji wa raga na mpira wa magongo, inafaa. Fuata maelezo ya pakiti. Ikichanika, au meno ya utoto yakitoka, nunua nyingine. Mwenye nyaya za meno amwone daktari wa meno kwanza. Usinunue iliyotumika, na dada wasiazimane. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, anza na hiki: fimbo ataazima, meno hayaazimwi.

*2. Njumu.* Agosti 2019, timu ya Kenya ya wasichana wasiozidi miaka 19 ilicheza mashindano ya dunia mjini Peterborough, Kanada. Fimbo walikuwa nazo, lakini wengi hawakuwa na njumu, wakawa wanateleza kwenye nyasi zilizolowa. Wachezaji wa timu ya Israel waliona, wakawanunulia. Kifaa kilichowakosesha raha huko ng'ambo ni kile ambacho huku tunakipata kwa urahisi zaidi: njumu za kandanda za mtumba, zinazouzwa Toi na Gikomba, zinatosha kabisa. Chagua zenye meno ya plastiki au raba, si vyuma. Mtoto azijaribu akiwa na soksi za mchezo, na vidole visigonge mbele.

*3. Miwani ya kinga.* Marekani imeifanya lazima kwa wasichana. Hata pasipo na lazima, anayeanza bado hajajua kukwepa fimbo, kwa hiyo ni busara avae. Iwe ya michezo, yenye waya au plastiki ngumu, na mkanda wa kuizungusha kichwani. Miwani ya jua haikingi kitu.

Vya timu

*Fimbo.* Usitarajie kuikuta imetundikwa kibandani. Nyingi huja na wafadhili au mtu anayesafiri, kwa hiyo mwagize kwa maneno wazi: fimbo ya wasichana. Ya wavulana ina mfuko wa wavu wenye kina kirefu, usiokubalika kwa wasichana. Urefu unaotakiwa mashindanoni ni inchi 35.5 hadi 43.25, yaani takribani sentimita 90 hadi 110. Mtoto mdogo asiyeshindana bado anaweza kukatiwa mpini. Ukikata, rudisha kifuniko cha raba mwishoni; ncha tupu ya bomba hukata.

*Vifaa vya kipa.* Helmeti yenye kinga ya uso, kinga ya koo na kinga ya kifua ni lazima. Kipa ni mmoja kwa kila timu, basi mchange wazazi wote, asibebeshwe mmoja.

*Mpira.* Ukizeeka hung'aa, huteleza na kuwa mgumu kama jiwe. Uondoeni. Watoto wadogo waanze na mpira wa tenisi.

Kabla ya kusukwa

Soko letu linajulikana kwa wasusi, na mabinti wengi hupita hapa kabla shule hazijafunguliwa. Mwambie msusi mapema kwamba mtoto anacheza. Kipa asukwe mistari ya kulala kichwani, kwa sababu rasta nene au fundo la juu huiinua helmeti na kuiacha ikicheza. Wengine wafunge nywele chini, kisogoni, ili mkanda wa miwani ukae. Shanga na vibanio vya chuma viondolewe.

Jaribu fimbo ya mtumba hivi

- Weka mpira wavuni, inua fimbo iwe sawa na macho. Sehemu ya juu ya mpira ionekane juu ya ukingo wa kichwa. Ikizama, kaza kamba.
- Pinda kichwa cha plastiki kidogo kwa mkono, utafute nyufa.
- Viringisha mpini mezani. Ukirukaruka, umepinda.
- Tikisa. Kichwa kikicheza, kaza skrubu.
- Kamba ikikatika, usitupe fimbo. Fundi viatu mwenye uzi wa nailoni anaweza kuirudishia, mradi apewe fimbo nzima ya kuigia mafundo.