Dondoo Muhimu: Nusu Siku katika Mashamba ya Unguja

Yampasa anayekusudia kuzuru mashamba ya Unguja pamoja na kikundi kidogo na mwongozaji wao aondoke mjini kabla ya saa mbili asubuhi, kwani jua la adhuhuri ni kali mno, na magofu ya kasri la Mtoni, alikozaliwa Seyyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, mwaka 1844, hayana dari ya kumsitiri mtu.

Wasafiri wasizidi sita, ikiwezekana. Hamamu za Kidichi, alizozijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, zina vyumba vidogo, na mwenye kusimama nyuma ya umati hatazibaini nakshi za maua na ndege zilizofinyangwa kwa chokaa kutani. Zitazameni kwa taratibu wala msiziguse, maana chokaa ile kongwe humomonyoka.

Kwa ziara ya Mangapwani, chukueni kurunzi na viatu visivyoteleza. Chumba cha watumwa kilichochimbwa humo katika jiwe la matumbawe, ili biashara ile dhalimu iendelee kwa siri baada ya kupigwa marufuku mwaka 1873, kina giza na ngazi zake zataka hadhari. Mwombeni mwongozaji asiharakishe, na picha za madaha ziacheni: kwangu mimi, mahali pale pana hadhi ya makaburi.

Mavazi yasitiri mabega na magoti, maana njia hupita vijijini. Patanani ujira na viingilio kabla ya kuondoka, na fedha ndogo ndogo zisikosekane kwa ajili ya muuza madafu.