ELIMU YA AFYA: Anayejibu na Asiyejibu Saratani Inapoingia Nyumbani

Leso katika Biashara Street huuzwa jozi. Vipande viwili huja vimeshikana, na mnunuzi huvikata na kuvipinda baadaye kwa fundi wa cherehani. Utafiti wa afya kuhusu wanandoa waliopatwa na saratani nao hutaka jozi: mume na mke, kila mmoja ajibu lake. Shida ni kwamba mara nyingi hupatikana mmoja tu.

Wawili huulizwa kwa sababu kila mmoja ana habari zake. Mgonjwa anajua maumivu na hofu. Mwenzake anajua usiku wa kukesha, nauli ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Pwani pale Makadara, na siku ambazo duka halikufunguliwa.

Kukosekana kwa upande mmoja kunaonekana hata katika tafiti kubwa za kitaifa. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2022, uliosimamiwa na Shirika la Takwimu la Kitaifa (KNBS), haukuwa wa wanandoa wenye saratani, lakini unatoa funzo. Kati ya wanawake waliostahili kuhojiwa, asilimia 95 walijibu. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 87, tena waliulizwa katika nusu tu ya nyumba zilizochaguliwa. Wanaume wengi wanaokosekana katika tafiti za aina hii hawakatai. Huwa hawapo nyumbani mhojaji anapobisha. Umri nao una mpaka: wanawake waliohojiwa walikuwa wa miaka 15 hadi 49, wanaume 15 hadi 54. Saratani ya tezi dume huwapata zaidi wazee, ambao mpaka huo umewaacha nje.

Sasa chukulia nyumba tatu za mfano. Katika ya kwanza, mke ana saratani ya matiti. Mhojaji anafika saa nne asubuhi. Mke amechoka kwa dawa alizotiwa juzi, lakini anajibu. Mume yuko dukani hadi jioni, anaandikwa hakupatikana. Nyumba ya pili, mume wa miaka 63 ana saratani na hajamwambia mkewe. Anamrudisha mhojaji mlangoni, kwa adabu. Nyumba ya tatu wameelewana, mgonjwa ana nafuu, na mhojaji anapewa kahawa na majibu yote.

Ripoti ikihesabu jozi zilizokamilika peke yake, itasema wanandoa husaidiana vizuri. Haikudanganya. Imeeleza habari za nyumba ya tatu. Lakini ushauri nasaha na huduma za nyumbani zikipangwa kwa ripoti hiyo, nyumba ya pili, pengine yenye dhiki kuliko zote, haimo kwenye hesabu.

Kuanzia kliniki hakumalizi tatizo. Foleni ya kliniki haina aliyekwenda India kutibiwa, aliyeacha dawa kwa kukosa pesa, wala aliye kwa mganga. Na mume anayefanya kazi Ghuba hawezi kukaa kwenye benchi pamoja na mkewe.

Kwa hiyo ripoti nzuri hutaja wanandoa wangapi waliombwa, wangapi walikubali, na wangapi walijibu upande mmoja. Isipotaja hayo, asilimia zake zisomwe kwa tahadhari, hata zikiwa na jina kubwa juu yake. Watafiti makini hurudi jioni, huwahoji wawili mbalimbali, na jibu la mmoja halipelekwi kwa mwenzake.

Mkaazi anayefikiwa ana haki zake. Aombe kuona kitambulisho cha mhojaji na barua ya kibali cha utafiti. Taarifa za afya yake zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Anaweza kukataa, kuruka swali au kusimamisha mahojiano katikati, na matibabu yake hayapaswi kuguswa kwa sababu hiyo. Mke anaweza kukubali mume akikataa, na mume vilevile. Asiye na nafasi wakati huo anaweza kumwomba mhojaji arudi saa nyingine, hata usiku baada ya duka kufungwa; wahojaji wamezoea.