Sigara za Kuba alizoziacha baba

*Mjomba, baba yetu alifariki mwaka jana. Alikuwa daktari msaidizi, na miaka ya 1970 alifanya kazi na madaktari wa Kuba. Mmoja wao alipokuwa anarudi kwao alimwachia boksi la Montecristo. Baba hakuwa mvutaji. Alilifungia ndani ya kopo kubwa la biskuti, na mara chache alimpa sigara moja mgeni wa heshima. Baada ya msiba nilizikuta, nikavuta moja usiku barazani. Jani la nje lilipasuka kidogo, lakini sijawahi kuonja moshi laini namna ile: kama asali na mbao za mwerezi. Zimebaki 18. Mimi niliacha sigara za kawaida miaka sita iliyopita, tena kwa taabu kubwa. Sasa nataka niwe navuta moja kila Ijumaa kumkumbuka mzee. Mke wangu amenuna, kwa sababu mtoto wetu ana pumu. Shemeji yangu anasema tuziuze, ni mali. Nishauri. S.K., Tanga.*

Pole kwanza, mpwa wangu

Pole kwa msiba, S.K. Mwaka mmoja ni mfupi kwa mtu aliyempoteza baba. Sikuoni kuwa mkosaji kwa kuwasha ile sigara. Ulikuwa umeshika kitu alichokishika mzee wako, usiku, peke yako, ukataka kuwa karibu naye. Nani asingetaka? Nakushukuru pia kwa kutaja pumu ya mtoto na hasira ya mama yake. Ungekuwa unatafuta ruhusa tu, ungeyaficha hayo.

Ulichokionja kipo kweli

Ladha ile hukuiota. Tumbaku ya sigara bora za Kuba hulimwa Vuelta Abajo, mkoani Pinar del Río, magharibi ya Havana. Majani hukaushwa bandani, kisha hurundikwa yachachuke kwa joto lake yenyewe, na kuchachuka huko hutoa sehemu ya ukali wa amonia. Halafu fundi huyasokota kwa mkono: majani ya ndani, jani la kuyafunga, na jani laini la nje. Montecristo ilianza mwaka 1935, na jina lake limetoka katika riwaya ya Alexandre Dumas. Katika viwanda vya Havana ni desturi mtu kukaa mbele na kuwasomea wasokotaji magazeti na hadithi wanapofanya kazi.

Sigara ikishasokotwa huendelea kubadilika polepole. Amonia iliyobaki hutoka, uchungu hupungua, na majani huambukizana harufu na kuchukua ile ya mbao za boksi. Ikipita miaka 30 au 40, nguvu huwa imeshuka sana, na kinachobaki ni harufu nyepesi: mwerezi, nyasi kavu, asali, chai. Ndiyo maana koo lako halikuwashwa. Lakini mafuta yaletayo harufu nayo huruka na miaka. Sigara nyingi za umri huo hupendeza mwanzoni, na zikifika katikati huwa kama karatasi inayoungua. Jani la nje lilipasuka kwa sababu limekauka. Wazoefu huzirudishia unyevu kidogo kidogo kwa wiki nyingi, maana zikilowana kwa haraka tumbaku ya ndani huvimba na kulichana jani.

Nakueleza haya kirefu ili usidhani napinga nisichokijua thamani yake. Kitu hiki ni kizuri, na uzuri wake ndio unaonipa hofu juu yako.

Umri haufuti sumu

Kulainika kwa ladha si kupungua kwa madhara, mpwa wangu. Baadhi ya kemikali za saratani huzaliwa ndani ya jani wakati wa kukaushwa na kuchachuka, na nyingine huzaliwa moto unapowashwa. Jani la miaka 45 likiungua hutoa lami na hewa ya kaboni monoksidi kama jani la juzi. Sigara moja kubwa ya aina hii inaweza kubeba tumbaku sawa na ya paketi nzima ya sigara za kawaida. Na usijifariji kwamba moshi wake haumezwi. Moshi wa sigara hizi hupitisha nikotini hata kwenye ngozi ya ndani ya mdomo, na saratani zake huanzia hapohapo mdomoni, kwenye ulimi, kooni na kwenye umio. Tena watu waliowahi kuvuta sigara za kawaida huwa na tabia ya kuuvuta moshi huu hadi mapafuni bila kujijua. Wewe ni mmoja wao.

Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao wamo wengi wasiovuta ambao huishi tu na wavutaji. Kwa hiyo mkeo ana haki ya kununa. Moshi wa barazani huingia ndani na nguo zako, na mtoto mwenye pumu huupata anapokulalia kifuani.

Najua kizazi cha baba yako kiliwahusudu watu wa Kuba. Kiongozi wao Fidel Castro alipokuja Tanzania mwezi Machi 1977, sigara ilikuwa sehemu ya sura yake, na sigara ya Cohiba ilianza kusokotwa mwaka 1966 kwa ajili yake. Basi jua kwamba mwaka 1985 Castro aliacha kuvuta, nchi yake ilipokuwa inawahimiza watu waache. Aliyesokotewa sigara bora kuliko zote aliiweka chini. Wewe utaona aibu gani kuiweka?

Njia ulizo nazo

*Kuvuta kila Ijumaa.* Zimebaki 18, yaani miezi minne na siku chache. Ijumaa ya 19 utafanya nini? Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Mwili wako unaikumbuka nikotini hata kama miaka sita imepita. Boksi likiisha, hutakwenda Havana kutafuta nyingine. Utakwenda dukani mtaani kuomba sigara moja ya rejareja, na hapo taabu yote uliyoipata wakati wa kuacha itakuwa imekwenda bure. Halafu fikiri: baba yako alikaa na boksi hilo zaidi ya miaka 40 bila kuvuta. Alilitunza kwa heshima ya rafiki. Ukitaka kumfuata, mfuate katika utunzaji.

*Kuuza.* Shemeji yako hajakosea kabisa. Wapo wakusanyaji wanaolipa fedha nyingi kwa sigara kongwe za Kuba, na London hupigwa mnada. Lakini wanunuzi hao wanataka boksi lililofungwa na historia ya namna lilivyohifadhiwa. Lenu limefunguliwa, limepungua, na limekaa kwenye joto la Pwani. Tena lazima mthibitishe kuwa ni halisi. Ligeuze usome chini yake. Boksi la miaka ya 1970 litakuwa na maneno "Hecho en Cuba". Ukikuta pia "Totalmente a mano", boksi hilo ni la mwaka 1989 au baadaye. Jina la kampuni ya Habanos S.A. lilianza mwaka 1994, kwa hiyo nalo likiwepo, boksi si la miaka ya 1970. Sigara za bandia ni nyingi, kwa hiyo mnunuzi mwaminifu atauliza maswali mengi. Anayekuja mbio na fedha mkononi bila kuuliza lolote, mwogope. Msihesabu utajiri ambao hamjauona.

*Kutunza.* Hata hili lina kazi. Sigara hizi zinataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na ubaridi wa nyuzi chini ya 20, na Tanga haina ubaridi huo. Joto likizidi nyuzi 24 au 25, mayai ya mdudu wa tumbaku huanguliwa. Ni mdudu mdogo wa kahawia, mfano wa fukusi, na alama yake ni vitundu kama vya pini na unga unaodondoka. Ukiona manyoya meupe, huo ni ukungu, na mtu yeyote asiivute sigara hiyo.

Kuna jambo hukuliuliza

Boksi hili ni la nani? Barua yako inasema "baba yetu", kumbe wapo wengine. Kila alichokiacha marehemu ni mirathi mpaka familia ikae na kugawana. Sigara moja hawatakudai. Lakini ukizimaliza zote 18 kimyakimya, na shemeji ameshazitia bei kichwani, umefungua ugomvi utakaodumu kuliko moshi wenyewe. Nimeona ndugu wakiacha kusalimiana kwa ajili ya redio ya marehemu. Msifike huko.

Fanya hivi

Usiwashe ya pili. Mtu ambaye hajawahi kunaswa na tumbaku ningemwonya tu, kisha nikamwachia aamue. Wewe ulishanaswa ukajinasua, kwa hiyo nakwambia wazi: hata moja tena, hapana.

Litoe boksi nyumbani kwako wiki hii. Mpelekee mkubwa wenu asiyevuta, umweleze sababu. Kitu kikiwa mbali, kushindana nacho huwa rahisi.

Kaa na mkeo umwombe radhi, bila "lakini". Mwambie kilichokusukuma ni huzuni. Nadhani bado hujamwambia, naye anaona moshi tu.

Iteni kikao cha familia mkaamue pamoja. Rai yangu ni kwamba boksi lenyewe, mihuri yake na sigara mbili tatu zibaki kuwa kumbukumbu ya ukoo, zikifungwa ndani ya kioo. Zilizobaki, kama hamkupata mnunuzi wa halali, ziteketezwe bila mtu kuzivuta.

Ijumaa yako usiiache. Ile saa moja ya utulivu ndiyo iliyokupoza moyo, na saa haihitaji moto. Itumie kuwatafuta wazee waliofanya kazi na baba yako hospitalini. Waulize juu ya yule daktari Mkuba: aliitwa nani, walitibu nini pamoja, kwa nini alimwachia mzee zawadi ile. Andika kila wanachosema. Wazee hao wanapungua, na wakienda, habari hizo zinakwenda nao. Mwanao atakapouliza babu yake alikuwa nani, daftari hilo litamjibu.

Na hamu ikikubana, usione haya. Nenda kituo cha afya, useme wazi kwamba uliwahi kuacha na umeanza kuyumba. Kuomba msaada kabla ya kuanguka ni akili ya mtu mzima.

Zungumza na mkeo kabla ya Ijumaa ijayo, kisha umpigie simu mkubwa wenu. Ukiteleza niandikie tena, sitakugombeza. Lakini usingoje kuteleza.

Wako, Mjomba