Kasino Katika Malisho ya Tipperary: Maswali na Majibu

Katika miaka ya 2010 na 2011 watu wa Ayalandi walishindana kwa maneno makali juu ya mji wa starehe uliokusudiwa kujengwa Two-Mile-Borris, kijiji kilicho karibu na Thurles katika kaunti ya Tipperary. Mji huo haukujengwa. Walakini mtu anayeshughulika na sheria za ardhi na za kamari hurejea tena na tena kwenye shauri lake, na maswali yafuatayo ndiyo ambayo aghalabu huulizwa na wale wanaolisikia kwa mara ya kwanza.

Ni kitu gani hasa kilichokusudiwa kujengwa?

Aliyetaka kujenga alikuwa Richard Quirke, mtu aliyepata kuwa askari polisi kabla hajawa tajiri wa jumba la mashine za michezo na kamari mjini Dublin. Na alichokitaka ni kuweka juu ya ekari 800 za mashamba hoteli ya vyumba 500, kasino, uwanja wa mbio za farasi ambao ardhi yake haiharibiwi na mvua wala jalidi, uwanja wa mbio za mbwa, uwanja wa gofu wa mashimo 18, mahali pa kutua helikopta, ukumbi wa muziki wa watu 15,000 uliochimbiwa chini ya ardhi, na, kama kwamba hayo hayatoshi, mfano wa Ikulu ya Marekani uwe jumba la karamu. Gharama ilitajwa kuwa yuro milioni 460. Wengi waliisikia habari ya Ikulu wakacheka, na magazeti ya nje yakaipokea kama kichekesho. Lakini James Hoban, msanifu aliyeichora Ikulu ile ya Washington, alizaliwa Kilkenny, kaunti inayopakana na Tipperary, hata wazo lenyewe, ingawa lilipita kiasi, halikuwa geni mahali pale.

Kwa nini mradi mkubwa hivyo upelekwe mashambani, ilhali Dublin ipo?

Ardhi ilikuwa nafuu, na barabara kuu mpya ya Dublin kwenda Cork, iliyokamilika mwezi wa Mei 2010, ilipita karibu na kijiji. Hizo ni sababu za mfanyabiashara. Sababu za wenyeji zilikuwa nyingine, na ndizo zinazostahili kutazamwa kwa utulivu zaidi.

Thurles ulikuwa mji wa kiwanda cha sukari, na kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1989. Karibu nao palikuwa na mgodi wa zinki wa Lisheen, uliotoa kazi nzuri, lakini kila mchimbaji alijua kwamba madini yana mwisho, na kweli mgodi ulifungwa mwaka 2015. Kisha mabenki ya Ayalandi yakaanguka, wajenzi wakabaki na nyumba zisizokwisha, na mwezi wa Novemba 2010 serikali ikalazimika kukubali mpango wa uokoaji wa yuro bilioni 85 wenye masharti ya Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Katika mwaka 2011, kati ya kila watu mia wenye nguvu za kufanya kazi, zaidi ya 14 hawakuwa na kazi, na vijana walikuwa wakipanda ndege kwenda Australia na Kanada. Kwa watu walio katika dhiki ya namna hiyo anakuja mtu anayesema kwamba atawapa kazi 1,000 wakati wa ujenzi na 2,000 za kudumu baadaye, na kwamba fedha ni zake na za wenzake, si za hazina ya taifa. Michael Lowry, mbunge asiye na chama wa Tipperary Kaskazini, aliushika mradi huo kama wake. Baraza la kaunti likatoa idhini. Anayewashangaa wenyeji kwa kushangilia hajapata kuishi katika mji uliofungiwa kiwanda.

Farasi wana uhusiano gani na kasino? Je, hawakuwa pazia tu?

Walikuwa pazia kwa kiasi, nami sioni haya kulisema hilo. Lakini ni pazia lililofumwa kwa nyuzi za kweli.

Tipperary ni nchi ya farasi. Ballydoyle, alikofundishia farasi Vincent O'Brien tangu mwaka 1951 na alikotoka Nijinsky, farasi aliyetwaa mataji yote matatu makubwa ya Uingereza mwaka 1970, iko katika kaunti hiyo hiyo, na shamba la Coolmore, mashuhuri duniani kwa uzalishaji wa farasi wa mbio, haliko mbali. Huko mbio za farasi ni heshima, ni kazi ya wahunzi na wapanda farasi na matabibu wa wanyama, ni siku ambayo padri na mwanasheria na mkulima husimama pamoja kwenye uzio mmoja. Fauka ya hayo, haja ya uwanja wa kustahimili hali zote za hewa haikuwa ya kubuni: nchi nzima ilikuwa na mmoja tu, ule wa Dundalk uliofunguliwa mwaka 2007, na mwenye farasi wa kusini alilazimika kumsafirisha mnyama wake hadi karibu na mpaka wa kaskazini.

Tena, mbio za farasi na kamari zimefuatana huko tangu zamani. Ayalandi ilihalalisha maduka ya madau kwa sheria ya mwaka 1926, na sheria ya mwaka 2001 ikaanzisha mfuko wa kuzisaidia mbio za farasi na za mbwa, mfuko uliofungamanishwa na kodi ya madau, asilimia 80 kwa farasi na 20 kwa mbwa. Kwa hiyo mtu wa farasi aliyeambiwa kwamba kasino italeta fedha kwenye uwanja hakuambiwa jambo jipya.

Tofauti iliyofichika ni ya wakati. Mtu anayeweka dau juu ya farasi humtazama mnyama, huuliza habari za mpanda farasi wake, huipima ardhi kama ni laini au ngumu, kisha hungoja. Na baada ya mbio moja hungoja tena nusu saa. Mashine ya kasino haimpi mtu nafasi ya kungoja. Inazunguka, inakula, inazunguka tena katika muda wa sekunde chache, na haijali elimu ya mtu wala ujinga wake. Kuyaweka mambo hayo mawili katika ombi moja, ili heshima ya la kwanza ilifunike la pili, kulikuwa ni werevu wa hali ya juu. Na wapinzani wengi, kwa kuogopa kuonekana maadui wa farasi, hawakuyatenganisha.

Wapinzani walitoa hoja gani?

Walizungumza juu ya magari, maji, ukubwa wa majengo katikati ya mashamba, na kelele. Hoja hizi zilikuwa za haki, lakini hazikuwa kiini cha hofu yao. Hofu yao ilikuwa kamari. Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo mimi naliona kuwa kosa la mjadala mzima: sheria ya mipango ya Ayalandi ya mwaka 2000, iliyotumika wakati huo, ilimtaka mwamuzi atazame mpango mwema na maendeleo endelevu ya eneo, yaani ardhi na matumizi yake, haikumpa wadhifa wa kuamua kama taifa linahitaji kasino. Basi watu walikwenda mbele ya waamuzi wakiwa na swali moja moyoni na jingine kinywani, wakalazimika kuitetea roho ya nchi yao kwa kuhesabu magari kwenye njia panda. Mwezi wa Juni 2011 An Bord Pleanála, bodi ya rufani za mipango, ilitoa uamuzi wake: ukumbi wa muziki ulikataliwa, na sehemu kubwa ya mengine, pamoja na kasino yenyewe, ikapewa ruhusa.

Kumbe kasino ilikuwa halali?

La. Ruhusa ya kujenga nyumba si ruhusa ya kuendesha kinachokusudiwa ndani yake. Sheria ya kamari iliyokuwa ikitumika ni ya mwaka 1956, nayo haikujua kitu kinachoitwa leseni ya kasino. Vilabu vichache vya Dublin vilikuwa vikicheza karata na gurudumu kwa kujiita vyama vya wanachama, na serikali ikavifumbia macho. Mradi wa Tipperary ulitegemea sheria ambayo bado haijatungwa. Mwezi wa Septemba 2011 Waziri wa Sheria, Alan Shatter, alitangaza kwamba serikali mpya itaandaa sheria itakayoruhusu kasino ndogo tu, wala si zile kubwa za miji ya starehe. Kwa tangazo hilo Quirke alibaki na ruhusa mkononi na moyo wa mradi umeng'olewa.

Je, huko si kumdhulumu mwenye mali?

Alikuwa na haki ya kunung'unika, kwa maana aliachiwa kutumia fedha nyingi katika michoro na mawakili kabla wakubwa hawajasema neno ambalo wangaliweza kulisema mapema. Lakini aliyejenga tumaini lake juu ya sheria isiyokuwapo hawezi kudai kwamba amenyang'anywa. Waingereza nao walilipitia jambo la jinsi hii: mwezi wa Januari 2007 jopo la washauri liliuchagua mji wa Manchester upewe kasino kubwa ya kwanza, Blackpool ikalia kwa kuachwa, na mwezi wa Machi Baraza la Malodi likaipiga chini amri ya kuidhinisha uteuzi huo. Hata hivyo kule Uingereza mambo yalifuata utaratibu wake, sheria kwanza na mahali baadaye. Ayalandi ilianza na mahali.

Na zile kazi 2,000, zilikuwa za kweli au za mdomoni?

Hoteli ya vyumba 500 haijiendeshi, kwa hiyo kazi zingalikuwapo, hata kama hesabu ilinyooshwa na wapiga debe. Swali analopaswa kuuliza mtu wa uchumi ni fedha zitatoka mfukoni mwa nani. Zikitoka kwa mgeni aliyevuka bahari, kaunti imetajirika. Zikitoka kwa mkulima wa jirani, kaunti imehamisha fedha kutoka duka la mboga kwenda kwenye meza ya kamari, na katika njia hiyo familia kadhaa zimevunjika. Watetezi waliwataja wageni. Lakini nyumba iliyo chini ya saa mbili za gari kutoka miji miwili mikubwa ya nchi, yenye vitanda vya kulipia usiku kucha, ingekaribisha wenyeji kwanza.

Wala hili si jambo la kukisia. Thurles ndipo ilipoundwa mwaka 1884 jumuiya ya michezo ya asili ya Waayalandi, GAA, na mmoja wa mashujaa wa michezo hiyo, Oisín McConville wa Armagh, aliyefunga bao lililoipa kaunti yake fainali ya mwaka 2002, alikwisha kueleza hadharani jinsi kamari ilivyomwangamiza mfukoni na nafsini. Yeye hakuhitaji kasino. Maduka ya madau yalimtosha.

Mambo yamefikia wapi sasa?

Rasimu ya sheria aliyoiahidi Shatter, iliyotoka mwaka 2013, ililala makabatini. GAA yenyewe ilipiga kura mwaka 2018 kukataa ufadhili wa makampuni ya madau. Hatimaye, mwezi wa Oktoba 2024, sheria mpya ya udhibiti wa kamari ilitiwa saini, ikaunda mamlaka ya kusimamia leseni, ikakataza matangazo ya kamari katika redio na televisheni tangu saa 11:30 alfajiri hadi saa 3 usiku, na ikazuia watu kucheza kwa kadi za mkopo. Katika miaka 13 ya kungoja tangu mwaka 2011, kamari ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye simu, ambayo haiombi idhini ya baraza la kaunti wala haipiti mbele ya bodi ya rufani; kwa hiyo kazi ya kwanza ya mamlaka hiyo ni kuwafuata wachezeshaji waliotangulia mbali, wengine wao wakiwa na makao nje ya Ayalandi.