Namna ya Kumwambia Mtoto Habari ya Msiba

Tarehe 28 Januari 1986, huko Marekani, chombo cha kuruka angani kiitwacho Challenger kilipaa kikiwa na watu saba. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule, Christa McAuliffe; kwa hiyo watoto wengi walikuwa wakitazama televisheni darasani. Kabla ya dakika mbili kutimia, chombo kikavunjika, na wote saba wakafa.

Jioni ile ile, watoto wa Uingereza waliambiwa habari hiyo katika Newsround, habari za televisheni zinazotengenezwa kwa ajili yao tangu mwaka 1972. Kifo hakikufichwa.

Watangazaji wa habari za namna hiyo hufuata desturi njema. Husema kweli kwa maneno mepesi. Picha za damu na maiti huziacha. Humwonyesha mtoto pia watu wanaosaidia, kama waganga na wauguzi. Tena humwambia kwamba kuhuzunika si aibu, na kwamba afadhali azungumze na mtu mzima anayemwamini.

Wazazi wengi, habari ya vita au mauti ikifika, huwaambia watoto: «Nendeni mkacheze, hayo si yenu.» Lakini mtoto amekwisha kusikia nusu ya habari kisimani, au ameiona katika simu ya jirani. Nusu ya pili huitunga mwenyewe usiku, nayo hupita ukweli kwa kutisha.

Bwana Yezu mwenyewe alionyesha njia. Wanafunzi wawili walipokwenda Emau wakiwa na huzuni, hakuanza kwa kufundisha. Aliwauliza kwanza walizungumza nini, akawaacha waseme yote, ndipo akawafumbulia Maandiko huku akitembea pamoja nao.

Vivyo hivyo mzazi Mkristu amwulize mtoto: «Umesikia nini?» Asahihishe uongo, aseme kweli kwa kipimo cha umri wake, kisha wasali pamoja kwa ajili ya waliofikwa na msiba.

Maulizo

*Ulizo:* Je, yafaa kumdanganya mtoto ili asiogope?
*Jibu:* Haifai. Amri ya nane yakataza uongo, na mtoto akigundua amedanganywa hataamini tena.

*Ulizo:* Je, yafaa kumwambia yote?
*Jibu:* Haifai. Mapendo humpa kila mtu mzigo anaoweza kuubeba.

*Ulizo:* Mzazi aanzeje?
*Jibu:* Aanze kwa kumsikiliza mtoto.