Hori Nalo Liangaliwe: Lusina, Mashudu na Uzazi wa Mifugo

Ng'ombe wa maziwa asiposhika mimba, lawama humwendea mhimilishaji au dume. Wafugaji wa Tanga, Muheza na Pangani, angalieni na hori. Vyakula viwili vizuri, majani ya lusina na mashudu ya pamba, vina sumu ya asili inayoweza kuharibu uzazi vikitolewa ovyo.

Lusina, au lukina, ina protini nyingi na hubaki mbichi kiangazi nyasi zikikauka. Lakini ina mimosini, hasa kwenye machipukizi na mbegu. Sumu hiyo hunyonyoa manyoya. Ikivunjwavunjwa tumboni hutoa kemikali inayodhoofisha tezi ya shingo. Mnyama hukonda, shingo huvimba, jike hushika mimba kwa shida au huzaa ndama dhaifu. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aliona mbuzi wa Hawaii wakila lusina bila kudhurika. Ikabainika kuwa tumboni mwao mna bakteria wanaoimaliza sumu hiyo, na miaka ya 1980 bakteria hao wakapandikizwa kwa ng'ombe wa Australia. Wewe usibahatishe kwamba ng'ombe wako anao. Anza na kidogo, ongeza taratibu, na lusina isizidi theluthi moja ya malisho. Sehemu kubwa iwe mabingobingo au nyasi nyingine. Punda na sungura hawacheui, kwa hiyo huumia upesi zaidi.

Mashudu ya pamba nayo yana sumu iitwayo gosipoli. Nchini China, miaka ya 1950, ilionekana kuwa wanaume waliokula mafuta ghafi ya pamba, yenye sumu hiyo hiyo, walishindwa kuzalisha. Kwa mifugo, anayeathirika zaidi kiuzazi ni dume: mbegu zake hupungua nguvu na kuharibika umbo. Ng'ombe jike mkubwa huvumilia kiasi cha wastani, kwa hiyo sioni sababu ya kumnyima. Dume la mbegu na ndama ambaye hajaanza kucheua wapewe mashudu ya alizeti. Dume lililokwisha kuathirika likiachishwa, mara nyingi hurejea hali yake baada ya wiki kadhaa au miezi.

Ng'ombe akitupa mimba, usikimbilie kulaumu majani. Mwite afisa mifugo apime kwanza brusela, ugonjwa unaotupisha mimba na unaoambukiza hata watu. Usiguse kitoto wala kondo kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe.