Lishe Yenye Wanga Kidogo

Watahiniwa wengi wakikutana na swali la lishe yenye wanga kidogo huandika kwamba wanga ni sumu. Jibu hilo halipati alama. Swali linapima kiasi.

Chukua sahani ya ugali na samaki inayouzwa soko la Feri, Kivukoni. Tuseme ugali umepikwa kwa gramu 200 za unga wa sembe. Takriban robo tatu ya unga huo ni wanga, yaani gramu 150. Gramu moja ya wanga hutoa kilokalori 4, hivyo wanga wa ugali huo unatoa kilokalori 600. Samaki wa pembeni, awe changu au kibua, amejaa protini na hana wanga, labda wa unga aliopakwa kabla ya kukaangwa.

Wanga ukimeng'enywa huwa glukosi na kuingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini ili seli ziipokee. Ziada huhifadhiwa kwenye ini na misuli kama glikojeni, na inayozidi hapo hugeuzwa mafuta. Mbeba mizigo wa Feri huzimaliza kilokalori hizo mapema. Karani anayeshinda kitini pale Posta je? Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, kupunguza wanga husaidia kushusha sukari ya damu. Kabla insulini haijaanza kutibu watu mwaka 1922, kubana chakula, hasa wanga, ndiyo ilikuwa tiba kuu ya kisukari.

Ukipunguza ugali nusu, ongeza mchicha, matembele au kipande cha pili cha samaki. Angalia mtego: aliyeacha ugali akala chipsi, muhogo au ndizi za kuchemsha bado anakula wanga. Mafuta nayo hutoa kilokalori 9 kwa gramu, kwa hiyo samaki wa karai na samaki wa mchuzi mwepesi usiwahesabu sawa.

Taja na hasara, wengi husahau. Anayeacha nafaka bila kuongeza mboga hukosa nyuzinyuzi na kufunga choo. Hatari kubwa ni kwa anayechoma insulini: akikata wanga ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari hushuka mno, naye anaweza kuzimia. Kama nyumbani yupo mgonjwa wa namna hiyo, amwone daktari kabla ya kubadili sahani.

Swali: Mama anayechoma insulini hula kila mchana ugali wa gramu 200 za unga.
(a) Akipunguza unga hadi gramu 80, wanga wake utatoa kilokalori ngapi?
(b) Kwa nini dozi yake iangaliwe upya?

Jibu la (a): kilokalori 240.